Kuku wa baba mmoja mama mmoja, dada anataga kijani mwingine kahawia, inakuwaje?

MamaBanda_Ohio

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi naishi Ohio huku Marekani, nje kidogo ya mji, kwa hiyo hata jogoo tunaruhusiwa (ndani ya mji sehemu nyingi wanakubali mitetea tu, jogoo hapana kwa ajili ya kelele). Huku watu wanapenda sana mayai ya rangi, ukifungua trei ina bluu, kijani, kahawia iliyokolea na nyeupe zimechanganyika mteja hata haulizi bei anabeba, ndo maana na mimi nikaingia huko.

Sasa nina mitetea niliyowachukua wakiwa vifaranga kwenye duka la pembejeo, boksi limeandikwa Ameraucana (mbegu ya kuku wa yai la bluu), wana mashavu ya manyoya na ndevu, wamekua na wote wanataga kijani hafifu inayoelekea bluu. Jogoo wangu ni Marans mweusi mwenye shingo ya rangi ya shaba, ametoka kwenye yai la kahawia ya chokoleti kabisa. Nilisoma kwamba ukimchanganya huyo na kuku wa yai la bluu unapata kijani cha zeituni, nikatotolesha, na sasa mabinti wameanza kutaga. Wengine kweli wametoa zeituni, nzuri mpaka nikapiga picha nikamtumia mama yangu Moshi hakuamini, ila dada zao wa tumbo moja wanataga kahawia tu, hata dalili ya kijani hakuna. Banda moja, chakula kimoja, maji mamoja.

Mume wangu anashikilia ni chakula, kwamba hao wa kahawia hawagombanii majani kama wenzao. Mimi nahisi ni damu ila siwezi kumweleza vizuri. Naomba mnisaidie, kwanini imegawanyika hivi, na nifanyeje ili wote watage kijani? Halafu nina majogoo watoto wa uzao huo huo, nibaki na yupi maana jogoo hatagi nikaona rangi yake.

Fundi_wa_Moro

Marahaba dada. Shemeji umweleze taratibu kwamba chakula kinabadilisha kiini, mahindi ya njano na majani yanakipa kiini ile njano nzito, ila ganda linapakwa rangi kwa maagizo ya damu. Hapo umeona sawa.

Ngoja nianzie chini kidogo maana ukilielewa ganda mengine yote yanafunguka. Ganda la kila kuku duniani limejengwa kwa chokaa na chokaa ni nyeupe. Juu ya hiyo nyeupe kuna rangi mbili tu, hakuna ya tatu, kila unachokiona kwenye trei ni hizo mbili kwa viwango tofauti. Ya kwanza ni bluu, inaitwa biliverdini, ni ndugu wa ile kijani ya nyongo. Ya pili ni kahawia, inaitwa protopofirini. Yai likishadondoka kutoka kwenye kishada cha viini linakaa ndani ya kuku kama masaa 25 hivi, na kama 20 kati ya hayo liko sehemu ya kujengea ganda. Bluu inaingia humo humo wakati chokaa inajengwa, kwa hiyo inapenya mpaka ndani, ni sawa na rangi uliyoichanganya kwenye saruji yenyewe, wakati kahawia ni rangi inayopakwa ukutani fundi akishamaliza kujenga, inakuja masaa ya mwisho mwisho na kubaki juu juu.

Hapo unaweza kuthibitisha mwenyewe jikoni. Vunja yai la zeituni, toa ule utando mweupe wa ndani halafu angalia ganda kwa ndani: bluu. Vunja la hao dada zao wa kahawia: ndani nyeupe. Au chukua yai la zeituni litumbukize kwenye siki kidogo kisha sugua, kahawia inachubuka na chini inabaki bluu. Kwahiyo kijani siyo rangi inayojitegemea, ni bluu iliyofunikwa na kahawia, kahawia ikiwa nyepesi unapata kijani ya mnanaa, ikiwa nzito ya Marans unapata zeituni.

Sasa kwenye damu. Bluu inashikwa na jeni moja tu, wataalamu wanaiandika O. Kuku ana nafasi mbili za hiyo jeni, moja kutoka kwa baba nyingine kwa mama, na O ina nguvu, ikiwepo hata moja yai linakuwa na bluu. Marans wako ana nafasi zote mbili tupu, ndogo kwa ndogo, tuandike oo. Mitetea yako kama wangekuwa OO basi kila mtoto angepata O moja na wote wangetaga kijani. Wamegawanyika, maana yake mama zao ni Oo, wanatoa O kwa nusu ya watoto na nusu nyingine wanaambulia patupu. Hao walioambulia patupu wamerithi kahawia ya baba na inakaa juu ya ganda jeupe, basi.

Na hii inaniambia kitu kuhusu boksi lako. Ameraucana halisi wanafugwa wawe OO, hawa wako naona ni Easter Egger, chotara mwenye jeni ya bluu ndani yake. Ni kuku mzuri tu, anataga vizuri, ila hana uhakika kwenye kizazi.

Kienyeji_Nakuru

Asante sana kwa hayo maelezo mkuu. Mimi nko Nakuru, nafuga kienyeji ya kawaida na hizi kienyeji improved. Swali langu, sisi tumeambiwa tangu zamani uangalie ndewe, ile nyama ya sikio, kuku wa ndewe nyeupe anataga nyeupe, wa ndewe nyekundu anataga brauni. Kwa hao majogoo wa huyu mama si angeangalia ndewe tu amalize maneno? Alafu kuna kitu kinanisumbua, kuku zangu za kienyeji hazifanani mayai hata kidogo, kuna cream, kuna brauni nyepesi, kuna moja karibu nyeupe kabisa, na hakuna mtu amewahi kuzichanganya na kitu.

Fundi_wa_Moro

Kienyeji_Nakuru ndewe inakaribia ukweli kwa baadhi ya mbegu tu. Leghorn mweupe ana ndewe nyeupe na anataga nyeupe, Rhode Island Red nyekundu na kahawia, hapo inakubali. Ila kuna Penedesenca wa kule Catalonia Uhispania, ndewe nyeupe na yai kahawia nzito kabisa. Silkie ana ndewe ya samawati na yai lake ni la maziwa. Na bluu haina ndewe yake, hakuna ndewe itakayokwambia kuku ana O. Kwahiyo kwa jogoo wa dada haitamsaidia.

Hao wa kwako kutofanana ni kwa sababu kahawia haiendi kama bluu. Bluu ni ipo au haipo. Kahawia inashikwa na jeni nyingi, kila moja inaongeza au kupunguza kidogo, kwahiyo mtoto mara nyingi anaangukia katikati ya wazazi, kisha watoto wa hao wanatawanyika huku na huku. Kuku wa kienyeji wanazaana wenyewe vijijini miaka na miaka, majogoo wanatoka kwa jirani, jeni za kahawia zimechanganyika kila aina, ndo maana unapata cream mpaka brauni kwenye banda moja. Hujakosea kitu.

Na hii ndo inamhusu dada: ukimpandisha Marans kwa kuku wa yai jepesi, ile chokoleti inashuka karibu nusu kwa uzao wa kwanza. Zeituni uliyopata sasa hivi nahisi siyo nzito sana, au?

MamaBanda_Ohio

Ni kweli kaka, ni kijani ya zeituni ya kati, siyo ile nzito ninayoiona kwa wenzangu. Na nimevunja mayai mawili kama ulivyosema, wallahi ndani ya lile la zeituni ni bluu safi na la kahawia ndani jeupe! Mume wangu kanyamaza anaangalia ganda tu.

Legbar_Leicester

Habari zenu jamani, mimi niko Leicester Uingereza nafuga Cream Legbar, mbegu ya kuku wa yai la bluu, nimesoma uzi wote nimefurahi. Niongeze ya majogoo.

Dada angalia upanga wa kichwani. Jeni ya bluu na jeni ya upanga mfupi uliolala wenye mistari mitatu ziko jirani kabisa kwenye kromosomu ya 1, kwahiyo zinapita pamoja kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, zinaachana mara chache mno, kama 5 kati ya 100 hivi au pungufu. Ameraucana na Araucana wana huo upanga wa kulala, Marans ana upanga mmoja uliosimama wenye meno. Kwahiyo kwenye uzao wako jogoo mwenye upanga wa kulala ana uwezekano mkubwa sana amebeba bluu, na mwenye upanga wa kusimama hana. Unaona hata kifaranga cha wiki tatu, ule wa kulala unakuwa mpana na chini, ule mwingine unaanza kunyanyuka kama msumeno.

LAKINI, na hapa watu wengi wanaumia, sheria hiyo ni ya familia yako tu siyo ya kuku wote. Legbar zangu mimi wana upanga wa kusimama na wanataga bluu wote, sababu Punnett na Pease, wataalamu wa urithi pale Cambridge, walipotengeneza hii mbegu walichukua bluu ya kuku wa Chile na kubaki na upanga wa Leghorn na Barred Rock, O ikakaa na upanga wa kusimama. Ukimchanganya Legbar na kuku mwenye upanga wa kulala asiye na bluu sheria inageuka kichwa chini miguu juu. Kwahiyo kwanza kabla hujachinja jogoo yeyote angalia hao mabinti ambao mayai yao unayajua, je waliotaga kijani wote wana upanga wa kulala? Wakikubaliana ndo uitumie kwa kaka zao.

Na kitu kizuri cha Legbar, wakianguliwa tu unajua jike na dume, jike ana mistari ya giza mgongoni na dume ana doa jeupe kichwani, hulishi majogoo usiyoyataka.

Mdau_wa_Tanga

Samahani naingilia, hii bluu ilitoka wapi hasa? Maana kuku wetu huku sijawahi kuona, na bibi yangu kafuga maisha yake yote.

Fundi_wa_Moro

Mdau swali zuri sana hili, mimi mwenyewe ndo kitu kinachonifurahisha kuliko vyote kwenye somo hili.

Kuku wa bluu wanaojulikana zaidi walitoka Chile, kwa watu wa Mapuche, wenyeji wa asili wa huko. Profesa wa Uhispania, Salvador Castelló, aliwaona huko akaenda kuwaeleza wenzake kwenye mkutano wa dunia wa kuku, The Hague mwaka 1921. Mwaka 1933 Punnett akaonyesha kwamba bluu ni jeni moja yenye nguvu, ile ile O. Watu wakakaa muda mrefu wanajua ni jeni moja ila hawajui ni kitu gani hasa, mpaka 2013 ndo ikajulikana: ni virusi. Hapo zamani za kale kirusi cha aina ile inayojibandika kwenye damu ya mnyama kiliingia kwenye DNA ya kuku kikakaa pembeni ya jeni moja inayoitwa SLCO1B3, hiyo jeni kazi yake ni kama mlango wa kupitisha vitu vya nyongo na kwa kawaida haifanyi kazi kwenye mfuko wa kujengea ganda. Kirusi kilipokaa pale kikaiwasha, mlango ukafunguka kwenye ganda, biliverdini ikaanza kumiminika. Hakimuumizi kuku, hakiambukizi, kimekuwa sehemu ya kuku na kinarithiwa tu.

Na China wako kuku wa bluu pia, Dongxiang na Lushi, na walipopimwa wakakuta kirusi cha jamii hiyo hiyo kimeingia kando ya jeni hiyo hiyo ila sehemu tofauti kidogo na ile ya Chile. Yaani ilitokea mara mbili, pande mbili za dunia, kila moja kivyake, na mara zote mbili kuna binadamu aliliona lile yai akasema huyu kuku tusimle tumtotoleshe. Mimi hapo kila nikifikiria nasisimka.

Ndo maana bibi yako hajawahi kuiona Tanga, bila mtu kuleta kuku mwenye hiyo O haiwezi kutokea kwa kuchagua chagua kienyeji wetu. Kahawia unaweza kuikoleza kwa kuchagua, bluu huwezi kuitengeneza.

MamaBanda_Ohio

Nimerudi kutoka bandani. Kaka wa Leicester umesema kweli, wote wanaotaga zeituni wana upanga wa kulala. Wa kahawia wana wa kusimama, ISIPOKUWA mmoja, ana upanga wa kulala kabisa lakini anataga kahawia na nimemshuhudia mwenyewe kwenye kiota. Sasa huyo ananivuruga.

Legbar_Leicester

Huyo ana maelezo mawili. La kwanza ndo ile 5 kati ya 100, jeni zimeachana njiani, upanga umekuja bila bluu. La pili, na mimi naliona lina nguvu zaidi kwako: mama yake mmoja anaweza kuwa na upanga wa kulala nafasi zote mbili lakini bluu nafasi moja. Kwa mama wa namna hiyo watoto wote wanatoka na upanga wa kulala, wenye bluu na wasio na bluu, kwahiyo upanga haukwambii kitu. Kama unayatambua mayai ya kila mama kwa umbo au madoa jaribu kukumbuka huyo binti alitoka kwa nani, na majogoo waliotoka kwa mama huyo usiwaamini kwa upanga.

Njia ya uhakika ziko maabara huko kwenu zinapima jeni ya bluu kwa unyoya tu, unatuma kwa posta. Kwa jogoo unayetaka kumjengea ukoo mzima inafaa kulipia.

Fundi_wa_Moro

Nakubaliana naye kabisa. Sasa mpango dada, maana uliuliza wote watage kijani.

Njia fupi: tafuta jogoo OO, Ameraucana wa mfugaji anayeaminika au Cream Legbar, mpandishe kwa mitetea ya Marans. Kila binti anapata O moja, wote zeituni kwa uzao mmoja. Kwa bluu haijalishi ni baba au mama aliyeileta, kromosomu ya 1 siyo ya jinsia.

Njia ndefu kwa damu uliyonayo: chukua jogoo kijana mwenye upanga wa kulala (kwa uwezekano mkubwa ni Oo) umpandishe kwa dada zake wa zeituni ambao nao ni Oo. Watoto watatoka robo OO, nusu Oo, robo oo. Hiyo robo ya OO ndo unayoitafuta. Kumjua jogoo OO bila maabara, mpandishe kwa Marans au kuku yeyote wa kahawia au nyeupe, subiri mabinti wake watage. Akitokea hata mmoja wa kahawia au nyeupe, siyo OO. Wakitaga mabinti 7 na wote wana bluu au kijani basi amini, uwezekano wa Oo kukudanganya hivyo ni 1 kati ya 128. Ila kaka kwa dada ifanye mara moja tu, ukirudia rudia mayai yanaanza kutoanguliwa na vifaranga wanadhoofika.

Na ukitaka zeituni nzito, mabinti wa zeituni warudishe kwa Marans (siyo baba yao, tafuta mwingine). Kahawia itapanda, ila nusu ya watoto watakosa bluu tena, hapo ndo upanga unakusaidia kuchagua mapema. Kwa Marans huwa wanaangalia kipimo cha rangi cha 1 mpaka 9, na chini ya 4 haihesabiki kuwa yai la Marans, wewe tafuta jogoo aliyetoka kwenye yai la juu kabisa unalolipata.

Kienyeji_Nakuru

Na hiyo kahawia inabaki hivyo hivyo mwaka mzima? Layers zangu zikizeeka mayai inakuwa pale sana.

Fundi_wa_Moro

Haibaki. Kuku akianza kutaga ndo kahawia nzito zaidi, inapauka kadri anavyoendelea, akinyonyoka manyoya akapumzika ikirudi inarudi imekolea. Kwa zeituni maana yake mwisho wa msimu inaelekea kijani nyepesi kwa sababu bluu chini haibadiliki sana, koti la juu ndo linapungua. Na hapa shemeji ana kipande cha haki yake: ukiona kahawia imepauka ghafla kwa kundi zima angalia ugonjwa wa bronkaitisi ya kuku, au hofu na msongamano bandani, au dawa. Kuna dawa ya kuzuia koksidia inaitwa nikabazini, ikiingia kwenye chakula cha wanaotaga inaondoa kahawia. Lakini hakuna chakula kitakachompa kuku oo bluu.

Mdau_wa_Tanga

Dada wa Ohio ukija likizo niletee mayai kumi na mbili tu ya hao OO ukiwapata, nina mashine ya kutotolesha.

MamaBanda_Ohio

Mdogo wangu natamani sana ila kwenye begi siwezi. Mayai ya kutotolesha yanataka kibali cha wizara ya mifugo huko nyumbani na cheti cha daktari wa mifugo wa huku, na huku mafua ya ndege yamekuwepo tangu 2022 mpaka mashamba makubwa yameteketezwa kuku, nikikuletea ugonjwa kwa bibi yako sitajisamehe. Ukitaka kweli anza na ofisi ya mifugo ya wilaya uwaulize njia ya halali, mimi nitakutafutia mfugaji mwenye vyeti.

Wakuu nawashukuru sana. Huyu binti wa upanga wa kulala anayetaga kahawia nimegundua mama yake ni yule mwenye yai refu lililochongoka, kwahiyo majogoo wake wawili nimewafunga pete nyekundu na hawa sitawachagua kwa macho, natuma manyoya yao maabara wiki hii. Majibu yakitoka nitayaweka hapa.

Legbar_Leicester

Unyoya uvute wenye shina na usiuokote chini, ule wa chini hujui wa nani na DNA inakuwa imeharibika. Vuta wa kifuani kama watano kwa kila jogoo, bahasha ya karatasi siyo nailoni, na andika namba ya pete juu ya bahasha kabla hujamshika jogoo wa pili.